Miraba ya Makaa Mferejini

Nekesa mjukuu wangu,

Huku Nakuru tuko salama, na goti la babu yako limepata nafuu. Umeniuliza watu wa Kisumu watajuaje kucheza na hizo ngazi unazowajengea, zinazolia muziki zikikanyagwa, kama hutaweka kibao cha maagizo.

Nikiwa msichana, landhi yetu, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, ilikuwa na mfereji mmoja wa kuchotea maji. Siku moja nilichora miraba kwa makaa kwenye simiti, pale foleni ilipopita, nikaenda zangu. Niliporudi, jirani yetu Mama Atieno alikuwa ameweka debe chini, anaruka kwa mguu mmoja. Sikuwa nimemwambia mtu chochote. Mpaka leo nashangaa.

Mama yangu, aliyekuwa hasemi naye tangu Krismasi, alisimama nyuma yake akitazama. Kisha akamwambia, "Umekanyaga laini. Rudia."

Ni mimi, Kukhu wako.