Chupa Niliyoijaza Nyuma ya Nyumba Yetu

Mpendwa mshauri, naomba msaada. Mimi ni mama wa watoto wawili, kazi yangu ni kuchota majitaka kwenye chemba za mitaani na kuyapeleka maabara yapimwe kama yana vijidudu vya magonjwa ya tumbo, na wiki iliyopita mvua ilininyeshea, nikaona uvivu kupanda hadi chemba namba tisa, basi nikafunua ile ya nyuma ya nyumba yetu, nikajaza chupa, nikaandika tisa, nikajisemea kinyesi ni kinyesi tu, nani atajua.

Jana mkuu wa maabara kaniita nione vijisahani wanamooteshea vijidudu, vimejaa madoa meusi. Akasema, "Homa ya matumbo hii, dada. Huko namba tisa kuna mtu anaumwa, au anaibeba bila kujua." Lakini chupa ile ni ya kwetu, na chemba yetu inapokea vyoo vya nyumba tatu tu, na mama mkwe wangu ninayeishi naye ndiye mpishi wa watoto arobaini wa chekechea, kitindamimba wangu akiwemo, na leo wenzangu wanazunguka namba tisa na vipaza sauti wakiwatahadharisha watu wakati ugonjwa uko kwetu, nikisema nafukuzwa kazi na mume wangu hana kazi, na mkwe ataniambia namsingizia. Naogopa mno. Nifanyeje?

Mwenye Chupa

Mwenye Chupa, pole. Woga wako nauelewa, ila uvivu wako umenikera, na huo uongo ndio zaidi.

Mkweo usimnyooshee kidole. Chemba haitaji jina la mtu: anaweza kuwa yeye, jirani, au wewe mwenyewe unayeshika majitaka kila siku. Hilo ulishaliwaza? Wote wa nyumba tatu mkapimwe. Mpaka majibu yatoke, mkweo asiguse sufuria ya watoto, maji yachemshwe, mikono ioshwe kwa sabuni, na mwenye homa awahishwe hospitali.

Barua yako nimeipata Jumanne, na gazeti hutoka Ijumaa. Watoto wanakula kila siku. Anwani uliiandika nyuma ya bahasha, kwa hiyo nimewapigia maabara simu, nikawaambia wafunue chemba ya nyuma ya nyumba hiyo. Nimekuvunjia siri, nichukie ukipenda. Ukisoma haya watakuwa wameshafika. Usijifungie chumbani. Toka, sema ni wewe uliyeandika tisa, kisha mbebe kitindamimba wako awe wa kwanza kupimwa.