Sura za Mwisho Nilizokuwekea

Mpendwa Papa Furaha,

Nimesoma kitabu kingine, na kama kawaida sijakimaliza. Nimeishia pale malkia anaposhuka chini ya ziwa kumtafuta mumewe aliyezama. Nikaweka kipande cha kitenge kwenye ukurasa, nikakifunga. Imebaki sura moja, na hiyo ni yako. Sasa vitabu vya namna hiyo vimejaa juu ya kabati, vyote vimekatwa mikia, nawe huko uliko hutoi hata sauti.

Uliondoka hapa Bagira mvua zilipoanza, mwalimu mzima wa historia, ukaenda Kamituga kuchimba dhahabu kwa sababu chaki ilikuwa haitulishi tena. Ulisema utarudi kabla ya Noeli. Noeli imepita, Pasaka imepita, na mimi bado nakuwekea miisho.

Unakumbuka jambo hili lilivyoanza? Tulikuwa tumeoana juzi tu, ukatumwa kisiwani Idjwi kusimamia mitihani. Uliniachia ile riwaya nene ya wapagazi wa pembe za ndovu, tuliyokuwa tukisomeana kwa zamu. Nilikusudia kukungoja, lakini sikuweza. Nilisoma nikimenya mihogo, nikasoma nikikaanga sambaza, vile visamaki vya ziwani, mpaka wakaungua, nikafika sura ya mwisho nikajiona mwizi. Hapo nikaacha. Uliposhuka kwenye boti, umelowa hadi magoti, hata hukunisalimia vizuri.

"Kitabu, umeisha kumaliza?"

"Nilikubakishia mwisho."

Ulicheka mpaka watu wa bandarini wakageuka. "Huyu njo bibi wangu! Anabakishaka bugali, anabakisha na mwisho."

Tangu hapo ikawa sheria ya nyumba yetu: mtu akiwa safarini, sura ya mwisho haisomwi. Inafunikwa kama sahani ya msafiri. Watu husema asiyekuwapo na lake halipo, lakini kwetu lake lipo, tena ndilo tamu kuliko yote. Nilikuwa najivunia sheria hiyo mbele ya majirani. Sasa nikipita mbele ya kabati nageuza uso.

Wewe na penseli yako! Hakuna mwandishi wa riwaya ya kihistoria aliyepita mikononi mwako salama. Mtu akila muhogo katika zama ambazo muhogo ulikuwa bado haujafika huku, unaandika pembeni "Uongo!" na alama ya mshangao kama fimbo ya kumchapia mtoto. Nami nikikuletea fantasia yangu, unauliza kwa sauti ile ya darasani: "Sasa ule joka anakulaka nini? Nani anamulisha?" Nikakujibu siku moja, "Papa Furaha, wacha joka yangu, haikukuomba chakula." Ulikichukua ukakisoma chote, na kesho yake ukaniuliza kama kina cha pili.

Acha basi nikusimulie niliyoyasoma, maana sina mwingine wa kubishana naye. Kuna moja ya kihistoria, ya mwanamke katika baraza la mwami, mfalme wa huku milimani, siku wazungu wa kwanza walipofika na askari wao. Ungeipenda. Mwandishi anaijua migomba, anaijua baridi ya asubuhi, na penseli yako ingekaa bila kazi. Kosa lake ni moja tu: wanawake wake wote wana hekima. Hakuna hata mmoja mjinga, mchoyo au aliyechoka. Mimi nimeolewa kwa mama yako, nawajua wanawake wa milimani. Wana hekima na wana ukali, na kuna siku wanaamka bila hata kimoja.

Nyingine ni fantasia ya mji ambamo waliokufa wanaendelea kuuza sokoni, na aliye hai anaweza kumrudisha mmoja nyumbani kwa bei ya kumbukumbu. Kila anayefungua lango anasahau kitu kimoja cha maisha yake. Zamani ningekusomea kurasa nzima kwa furaha. Safari hii nilimkasirikia mwandishi. Anaandika kana kwamba bei hiyo ni kubwa, watu wake wanasimama langoni wanasitasita, wanalia, wanarudi. Wanarudi kwa nini? Wangenichukulia harusi yangu yote, wangechukua hata jina la mama aliyenizaa, ilimradi wanipe mtu wangu mkononi. Nilikitupa kitabu kile chini ya cherehani, kisha nikaenda kukiokota, maana sura ya mwisho ilikuwa yako.

Nimeelewa pia kwa nini ulipenda historia. Watu wake wote wamekwisha kufa tangu ukurasa wa kwanza, na msomaji analala bila kumngoja yeyote. Ni faraja kweli. Mimi siitaki.

Sasa nikwambie yenyewe. Yule kijana wa mtaa wa Kasha mliyekuwa mnalala naye kibanda kimoja amerudi. Amesema mvua ilinyesha siku kadhaa mfululizo na shimo mlilokuwa mnachimba likaanguka. Kuna waliotolewa, kuna wasiotolewa. Nilimshika shati nikamuuliza habari zako, akatazama chini. "Maman Furaha, siwezi kukudanganya. Siku ile sikumuona anaingia, sikumuona anatoka." Hayo tu. Nilitaka nije mwenyewe, nikapanda gari, tukarudishwa njiani na wenye bunduki. Vita imefunga barabara. Simu yako naipiga kila siku, na yule mwanamke wa kwenye simu ananiambia hupatikani. Nimefika mahali pa kumchukia mtu nisiyemjua kwa sababu ya sauti yake.

Naogopa, mume wangu. Sikuwahi kukuandikia neno hili. Naogopa nikiwa nashona, naogopa nikiwa kanisani, na namficha mtoto wetu Furaha uso wangu. Siku hizi anasoma peke yake. Nimemkataza kugusa sura za mwisho, akatii, ila juzi aliniuliza kama nawe umetubakishia mwisho wa kile kitabu ulichobeba. Nikamwambia bila shaka. Akaridhika akaenda kucheza, mimi nikaenda kujifungia chooni.

Ndugu zako wameketi wakakata shauri. Jumamosi itasomwa misa, kisha matanga yatawekwa hapa uani bila mwili na bila kaburi. Wameniletea kitambaa cheusi nijishonee, maana fundi wa nyumba ni mimi. Kiko juu ya cherehani na sijakitia mkasi. Aliyewasukuma ni mama yako. Alisimama katikati yao akasema, "Mutoto yangu hatabakia mu njia kama mbuzi ya kupotea. Tumulilie, apumuzike." Nilimchukia siku ile, na nakwambia wazi kwa sababu wewe unamjua.

Jumapili baada ya misa akaja peke yake, akaketi mahali pake pa siku zote na ungo wa maharagi. Unajua hajui kusoma, lakini riwaya zetu zote amezisikia hapo hapo, akichambua na kumtukana mhusika anayemuudhi. Ile ya baraza la mwami nilikuwa nimemsomea Jumapili hadi Jumapili. Akachambua kidogo, kisha akasema bila kuinua macho:

"Nisomee mwisho."

"Mama, mwisho ni ya Papa Furaha."

"Kama Jumamosi tunamulilia, ule mwisho haina tena mwenyewe. Soma. Miye ni muzee, sitakufa mu katikati ya habari."

Alikuwa amesema kweli. Mtu hawezi kuliliwa uani huku sahani yake imefunikwa jikoni. Nikakichukua kitabu kabatini, nikatoa kipande cha kitenge, nikasoma mstari wa kwanza. Kulikuwa na mtu anapanda mlima asubuhi, yuko mbali bado, na waliokuwa juu langoni walikuwa hawajamtambua. Nikavuta pumzi nianze wa pili.

Mama yako akaweka kiganja chake chote juu ya ukurasa. Kilikuwa na vumbi la maharagi.

"Acha," akasema. "Acha, mwanangu. Funga."

"Mama, si umesema—"

"Nilisema. Ni miye njo niliomba misa, na ni miye siwezi. Akifika atatuuliza: juu ya nini mulimaliza bila miye? Nitamujibu nini?"

Akalia. Sijawahi kumwona analia, hata alipomzika baba yako. Nami nikalia kichwa changu kikiwa magotini pake, maharagi yakamwagika yote, na hakuna aliyeyaokota.

Lakini Jumamosi haikuondoka. Padri amekwisha kupangiwa, viti vimeazimwa parokiani, watu wa Kasha wamepewa habari. Asubuhi yake mama yako alikwenda kwa kaka zako kuwaambia waache. Wakamwambia ni uchungu wa mzazi, utapita. Mimi wakaniambia nina vitabu vingi kichwani. Hakuna anayetusikiliza. Basi tumepatana, yeye na mimi: watu wakija tutawapikia, tutawapa maji ya kunawa, na hatutalia. Waseme watakavyo. Ila najijua. Wakianza kuimba, sijui kama nitaweza.

Kwa hiyo nakuandikia, na barua hii nampa kila mtu anayejaribu kupita kuelekea Mwenga, njia ya Kamituga, mwenye pikipiki na mwenye miguu. Kama unaumwa, mtume mtu. Kama umeshikwa mahali, toa neno hata moja lipite mdomo kwa mdomo. Kama una aibu kwamba hukupata dhahabu, nitakuchapa kwa mikono yangu, kwa sababu sikukutuma dhahabu. Njoo mikono mitupu. Njoo bila viatu.

Jumamosi watajaa uani kwako na wataniita mjane. Wakukute umeketi hapo mbele yao.

Ni mimi, ambaye bado ni mke wako,
Maman Furaha