Kikapu Hushikwa kwa Chini

Atlanta, 3 Septemba 1979

Kwako Shangazi Odessa,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali ya magoti yako, natanguliza dai nitakalolitetea mbele ya yeyote: fikra za ukombozi wa wanawake Weusi hazikuzaliwa vyuoni. Zilizaliwa kwenye mabeseni ya kufulia. Vyuo vilizikuta zimekwisha kukauka na kupigwa pasi.

Mimi sijambo. Pai yako ya viazi vitamu ilifika nzima, ila wenzangu hawakuiacha nzima hata dakika tano. Magoti je? Na yule bibi wa Kizungu unayempigia pasi, bado anakuita msichana, nawe una miaka sitini na minane?

Mwezi Machi nilibishana na profesa wangu, aliyeshikilia kwamba fikra hizi zina umri wa miaka kumi. Nikamkumbusha wanawake Weusi waliohutubia dhidi ya utumwa, kisha wakaambiwa wangoje mara mbili: na wanawake wa Kizungu, na wanaume wa kwao. Nikamtajia wafua nguo wa jiji hili waliogoma mwaka 1881, bibi yako akiwemo. Akayaandika yote. Ungekuwepo ungeniuliza kama chuo kimenifundisha na kufunga mdomo.

Hayo yote niliyapata kwako, nikiwa mtoto chini ya meza yako ya pasi. Ulikuwa ukisema kwamba wengi hushika nguo ya juu kikapuni, wakainua shati moja. Bali ukikishika kikapu kwa chini, alipolemewa mwanamke Mweusi na uzito wa wote, nguo zote zitainuka.

Hapa kalamu inakuwa nzito. Juni, Jumapili ya wahitimu, Mchungaji Tolliver alinipandisha mimbarini kanisani kwetu Macon, mimi wa miaka ishirini na mitatu, ilhali wewe uliyefundisha kanisani humo miaka arobaini huzungumzia kwenye meza ndogo ya sakafuni, kwa kuwa wanawake hawapandi. Nikayatoa maneno ya kikapu, nikasema ni tafakuri yangu. Ndivyo nilivyoandika hata katika tasnifu iliyonipa tuzo. Nawe, benchi la pili, kofia nyeupe, uliitikia Amina kabla ya wote. Mlangoni ukanitania kwamba nimekonda kwa kufikiri sana. Nilicheka. Leo sicheki.

Profesa nimekwisha kumwandikia, na jina lako litaingia mahali pake. Sasa mchungaji amenialika nihutubie Jumapili ya Akina Mama, mimi, mwanamume. Nilimwomba akupandishe wewe. Akajibu kwamba sakafu haijamuumiza mtu, na maneno yako hupanda yenyewe. Nikamwambia, basi na yangu yajaribu kupanda.

Kwa hiyo Jumapili hiyo, tarehe 16, nitasimama kwenye meza yako ya sakafuni, nikutaje, niungame, nikushukuru kwa akili uliyonipa bila kuidai, kisha nikae. Usinijibu kwa posta. Nadai jibu mbele ya kanisa zima: mimi ni mwizi wako, au mrithi wako?

Meza iko chini, mimbari iko juu, na kati yake mna ngazi tatu. Magoti ni yako, Shangazi. Mkono wa kushikia ukipanda utakuwa wangu.

Nisalimie wote wa Macon.

Mwanao akushukuruye,
Thurman