Bawa Lililotiwa Kanji

Jumatatu, 4 Agosti 1958
Jana asubuhi bawa letu la kurukia lilianguka, na Hamisi aliyekuwa akiliruka kavunjika mguu. Bawa la mianzi na kitambaa cha marekani, kazi ya miezi. Leo nimeshona kola kama kawaida. Wateja wanauliza, nasema sijui.
Hamisi ndiye aliyeona ndege zisizo na injini vitani Burma. Akamwambukiza mume wangu hamu ya kuruka. Bakari ni seremala, akakata mianzi. Mimi nikashona. Sasa Pongwe nzima inasema mshono wangu uliachia. Imeniuma.

Jumanne, 5 Agosti
Bakari kaleta nguo ya bawa niitie viraka. Nimekagua mshono wote kwa vidole. Hakuna uzi uliokatika, hata mmoja. Nani ataniomba radhi?
Ila nguo imelegea kama kanga iliyotoka kufuliwa. Wanaume waliitia kanji ya muhogo, wakaipiga pasi, ikasimama kama kanzu ya Idi. Halafu wakalaza bawa nje kilimani usiku kucha, wapate kuruka mapema. Umande ukailegeza! Nimetia kanji kipande cha marekani, kikakauka, nikakinyunyizia maji. Kikalala pale pale. Si uzi ulioachia, ni kanji.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimemwambia Bakari nguo ipakwe vanishi, si kanji. Akacheka.
"Mama Salma, siku hizi umekuwa rubani?"
"Vanishi unayo karakanani, Baba Salma."
"Haikauki upesi. Jumapili watu wanakuja kutazama. Safari hii bawa tutalilaza ndani."
"Na manyunyu, je?" nikamuuliza. Akarudi karakanani.
Jumapili anaruka yeye. Hamisi ana uzito wa ratili mia na thelathini, Bakari mia na sabini. Nguo ile ile. Nimepiga hesabu mara mbili, nikaacha. Naogopa. Sina neno jingine.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimekwenda kumwona Hamisi. Mguu umefungwa banzi.
"Shemeji, mimi nimeanguka kimo cha mnazi mchanga tu. Mumeo anataka kuanzia juu kabisa ya kilima."
Alicheka, kisha akaacha kucheka.
Narudi nyumbani, nakuta sufuria ya kanji inatokota jikoni. Sikula.

Jumamosi, 9 Agosti
Kumetulia. Salma yuko chuoni akisoma Kurani. Viraka nimemaliza. Nguo nimeifungia sandukuni, ufunguo ninao kiunoni.
Bakari katoka kwenda kutafuta mianzi. Nilimwambia mlangoni, mbele ya majirani, na wasikie. Vanishi na kungoja, au kanji na kuruka. Akichagua kanji, akashonewe na mwingine, nguo hii haitoki. Nataka neno moja tu, kabla ya adhana ya adhuhuri. Na asiniambie "tutaona".