Ndoo Mbili za Mama Shaibu

Na bado sijasema lililoniuma zaidi: asubuhi nzima, kutoka bombani mpaka sokoni na kurudi, Mama Shaibu hakuniita wifi hata mara moja.

Newala, Jumamosi. Ukungu umepanda kutoka bonde la Ruvuma tangu alfajiri. Naandika blogu hii kwenye kompyuta ya duka la steshenari la mume wangu. Mume wangu! Nimeliandika neno hilo, nikalifuta, nikaliandika tena ili nilione. Leo ni siku ya nane tangu Rashidi anioe. Siku saba za fungate sikukanyaga nje. Tulikula mbaazi sahani moja, na mpaka sasa akicheka nasahau nilichotaka kusema.

Leo ndiyo nimetolewa. Mama mkwe alisema bibi harusi lazima azungushwe mji kwa miguu, aujue nao umjue, na kazi hiyo ni ya dada mkubwa wa Rashidi, Mama Shaibu. Nikavaa kitenge kipya na viatu vya harusi. Nilidhani nakwenda kushangiliwa.

Tulianzia bombani. Maji hapa ni ya shida, kwa hiyo ukitoka unapanga kwanza ndoo zako kwenye foleni, unakwenda mizunguko yako, unarudi zamu ikiwa imekaribia. Mama Shaibu akapanga ndoo mbili. Nikawaamkia wakubwa shikamoo, wakaitikia, wakauliza huyu ni nani.

"Mgeni wetu kutoka Masasi," akasema Mama Shaibu.

Nikacheka. Mawifi ni watani, na ukikasirikia utani wewe ndiye unayeonekana mshamba.

Akanipitisha stendi. Akanionyesha lile ghala la zamani la ushirika, ambamo siku hizi mtu binafsi anauza redio na mabati. Akanipeleka mtaa wa mitumba. Naungama, anaujua mji wake. Anajua nani kajenga nyumba gani, na nani kaezeka nusu akaishiwa. Ningempenda, wallahi. Lakini kila tuliposimama mimi nilikuwa mgeni wetu. Mashineni kwa wasaga unga, mgeni wetu. Sokoni, mgeni wetu. Muuza samaki wakavu akaniuliza naondoka lini, na Mama Shaibu akanijibia: "Tutaona."

Viatu vilikuwa vimeshanichubua.

Kisha akanipandisha kwenye baraza la mafundi cherehani. Pale anashona Fatu, binti ambaye Mama Shaibu alikuwa amemchagulia Rashidi kabla Rashidi hajaniona mimi. Mama Shaibu akamsogelea kwa sauti tamu kama ya kubembeleza mtoto.

"Wifi yangu, umeamkaje?"

Kisha akaninyooshea kidevu. "Huyu mgeni."

Fatu aliinamisha uso, akanisogezea benchi nikae. Nilitaka kumchukia. Ni mzuri, ana adabu, na aibu aliyoiona ilikuwa sawa na yangu. Hapo ndipo hasira yote ikahamia kwa mtu mmoja.

Sikulia. Nilianza kufikiri.

Tuliporudi bombani zamu yetu ilikuwa imefika. Ndoo zikajazwa. Mama Shaibu akakunja ngata yake, akanitupia nyingine. "Haya, jitwishe twende."

Nikamwambia kwa upole wote niliofundwa nao: "Dada, mji gani mgeni anabebeshwa maji?"

Foleni nzima ilicheka. Mama mmoja mnene akapiga makofi. "Mama Shaibu, mgeni ni wako, uliyemleta ni wewe. Beba mwenyewe!"

"Nakutania, wewe," Mama Shaibu akaniambia.

"Huyo 'wewe' ndiye nani?" yule mama mnene akamuuliza. "Mwite anavyoitwa, tumtwishe."

Akakataa. Jamani, alikataa! Walimtwisha ndoo moja, akaondoka nayo shingo imekaza. Ya pili ilibaki, na ndoo iliyojaa haiachwi peke yake Newala, itaibwa. Mimi nikakaa kwenye jiwe kuilinda, nimevua viatu, nimekunja mikono kama mgeni anayesubiri chai. Kutoka bombani mpaka kwetu ni kilima kizima.

Aliporudi jasho lilikuwa linamtiririka, na foleni ilikuwa inamngoja. Hakuna aliyeinuka kumtwisha. Akanitazama. Nikamtazama.

"Nitwishe, wifi," akasema.

Alilisema polepole, lakini lilisikika mpaka mwisho wa foleni.

Nikainuka na tabasamu langu lote. "Haya, wifi yangu." Nikainyanyua ile ndoo kwa mikono miwili, nikaituliza vizuri juu ya kichwa chake. Kisha nikabeba viatu vyangu, nikamfuata nyuma kupanda kilima. Angeniita hivyo asubuhi, ningebeba zote mbili.

Rashidi nilipomsimulia alicheka mpaka akajifuta machozi, halafu akanikanda miguu na kuniomba niyaache yaishe. Kwa ajili yake naweza kuacha mambo mengi. Hili bado. Bado nalisikia lile "wifi yangu" alilompa Fatu.

Kwani mimi ni mbaya? Pengine. Lakini leo nina furaha mbili, ya Rashidi na ya ndoo, na sijui ipi ni kubwa.

Mama mkwe ametuambia jioni hii kwamba nitakapokwenda kuwaamkia wazazi wangu, atakayenisindikiza ni Mama Shaibu. Nikaitikia haraka kuliko heshima inavyoruhusu. Asha mdogo wangu, ukisoma hapa msomee mama: kabla mwezi haujaisha tutakuwa Masasi, mimi na wifi. Nitamzungusha mji mzima kwa miguu, asubuhi na mapema, na nitamtambulisha mwenyewe kwa kila mtu: wifi yangu, si mgeni.

Mama aandae ndoo mbili.