Paneli Tuliyoiosha Ziwani

Jumapili, 9 Machi 2025

Bwana nisamehe. Nimefanya jambo, sijui niite dhambi au ujinga tu.

Ijumaa nilianika dagaa juu ya bati, maana kuku wa jirani yangu Suzana hawana adabu. Bati likajaa. Nikaiona paneli ya sola ya Baba Okech, pana, safi, ya moto — nikamwaga na hapo. Jua likazama, Sabato ikaingia, sikupanda tena kuanua. Jana mvua ikapiga mchana kutwa! Leo asubuhi dagaa wameganda kwenye kioo, mafuta, magamba, inzi, harufu usiseme.

Baba Okech yuko Shirati kwa ndugu zake, anarudi jioni. Nikamwita Suzana. Akasema kioo ni kioo, mama, mbona sahani tunaosha? Tukachomoa nyaya, tukaishusha, tukaipeleka ziwani pale tunapooshea masufuria. Tukailaza majini, tukaisugua kwa mchanga na jivu mpaka ikawa kama mpya. Suzana anacheka: leo mumeo akiongea na Wazungu wake redioni watasikia harufu ya dagaa! Tukairudisha juu, tukachomeka nyaya. Hakuna aliyetuona ila Mungu.

Jumatatu, 10 Machi

Baba Okech ana furaha mpaka anaimba. Jumatano anavuka kwenda kisiwani kuifunga redio ya upepo, ile ya kuongea na watu wa mbali, kwenye zahanati ya kanisa. Kule simu haishiki kabisa. Mama mjamzito akizidiwa wanasubiri boti ipite tu. Mganga wa kule amepata leseni ya redio mwaka huu, na Baba Okech anayo mwaka wa tisa sasa, ndiye atakayemfundisha.

Umeme wetu hapa Pasiansi si wa kuutegemea, ndiyo maana redio yake inakula jua. Jioni ameangalia kipimo cha betri. Kumi na moja nukta nane, na ikishiba huvuka kumi na mbili. Baada ya siku nzima ya jua! Amekigonga kwa kidole kama anayeamsha mtu. Kumi na moja nukta nane ileile.

Mimi nikaingia jikoni. Hakukuwa na kitu cha kupika.

Jumanne, 11 Machi

Aibu. Aibu tupu.

Amemwita Shimba, fundi sola, aliyetuuzia betri mwezi wa kwanza. Wamesimama getini, majirani wote nje. Baba Okech akafoka: umeniuzia gunia la chumvi, wewe Msukuma! Shimba akajibu taratibu: mzee Owiti, betri yangu nzima, tupande kwanza tuangalie paneli. Baba Okech akapandisha sauti. Paneli yangu ina miaka sita, haijawahi kuugua hata mafua! Beba betri yako, uende ukauzie watu wasiojua.

Shimba akaitia begani. Akanipita mlangoni na hasira zake zote, bado akaniambia shikamoo mama. Nikaitikia marahaba nikiangalia chini.

Nilikuwa na nafasi. Maneno matatu tu, "paneli niliiosha ziwani mimi". Hayo ni manne. Hata kuhesabu siwezi leo.

Jumatano, 12 Machi

Amepanda kivuko cha Kamanga saa mbili asubuhi. Kutoka Sengerema atachukua boti.

Hapa amerudisha betri ya zamani, ile iliyokuwa inazuia mlango wa banda la kuku. Anasema itatosha kusikiliza. Kila siku saa saba mchana niwashe, nimsikilize, niandike saa na alichosema. Nisibonyeze kile kitufe cha kuongea. Huna leseni, Roza, na kuongea kunanyonya betri kuliko kusikiliza. Labda iwe hatari ya mtu kufa.

Ameniachia soksi za kushona. Nimezishona nikilia.

Alhamisi, 13 Machi

Saa saba kamili. Sauti yake! Mbali, kama mtu aliye ndani ya pipa, lakini ni yeye. Redio imefungwa, mganga ameshajaribu, wamekula sato mkubwa. Kesho Ijumaa anarudi, anataka aingie nyumbani kabla ya Sabato.

Kipimo: kumi na moja nukta tatu. Kila siku kinashuka. Paneli inameza jua, haitoi kitu.

Nimesali. Nimeahidi kumwambia akifika, akishavua viatu.

Ijumaa, 14 Machi

Saa 6 mchana. Anga la ziwani limekuwa jeusi upande huu. Wavuvi wanavuta mitumbwi juu, hakuna anayeulizwa mara mbili. Mzee Luhaga wa mwaloni, pale wanapopakuliwa samaki, amesema leo hata bata asiende majini. Nimempigia Baba Okech — haipatikani. Nilijua. Nimepiga tena.

Saa 7:05. Amekuja hewani. Anasema kule jua ni zuri, kisiwa kina mlima, haoni upande wetu. Boti inaondoka saa nane. Roza, kama unasikia na ziwa ni baya huko, leo nakuruhusu, bonyeza useme. Nisiposikia kitu nitajua ni salama.

Atajua ni salama!

Nimebonyeza. Nimesema Baba Ok — redio ikazima. Taa zote. Nimeachia, ikawaka, ikalia kidogo, ikazima tena. Kipimo kumi nukta sita. Amesema nini tena kabla haijafa? Saa nane kasoro kumi atawasha mara ya mwisho. Ndiyo, kasoro kumi.

Saa 7:15. Nimempigia Shimba. Sikusalimia. Nimesema betri yako haina kosa, paneli niliiosha ziwani mimi, kwa mchanga na jivu, nikakaa kimya mume wangu akakutukana mbele za watu, na sasa anapanda boti.

Akauliza: mama Okech, uliilaza majini? Nikasema tuliilaza. Na kale kaboksi ka nyaya kwa nyuma nako kakaingia maji? Nikasema kaboksi gani?

Akapumua. Akasema usiguse kitu, naja na betri.

Saa 7:35. Upepo umeanza. Bati linapiga. Suzana amekuja, amepiga magoti bila hata kuambiwa. Anasema ni yeye aliyesema kioo ni kioo. Nimemwambia anyamaze asali.

Saa 7:44. Bodaboda! Shimba ameikumbatia betri kama mtoto, ile ile aliyofukuzwa nayo. Bisibisi iko mdomoni. Naandika ili nisimsumbue kwa maswali.

Saa 7:49. Ameuliza nyekundu ni ipi, hizi nyaya mlizichomekaje? Sijui. Ameguna. Ameacha kuuliza.

Saa 7:52. Imewaka! Kumi na mbili nukta saba. Anasema bonyeza, mama, hii haifi. Ziwa limekuwa jeupe kwa povu mpaka kwenye mawe.

Baba Okech husema hewani hakuna siri, hata mtu wa Bukoba anasikia. Na asikie.

Nimebonyeza. Nimesema Baba Okech, usipande boti, ziwa limechafuka, lala hukohuko Sabato yako. Nimesema betri haikuwa na kosa, paneli niliiharibu mimi, Shimba yuko hapa na betri ni yake. Nimeachia.

Mikwaruzo tu.

Saa 7:55. Mikwaruzo. Shimba amesogeza sikio kwenye spika. Anasema rudia, mama, rudia lile la boti.

Narudia yote mawili, la boti na la paneli.