Kibanio Kwenye Mfuko wa Kanzu

Baba,

Shikamoo. Nimeandika hivyo nikangoja marahaba, mjinga mimi.

Arobaini yako imepita. Mama yuko hukohuko Mazingara na mdogo wake, mimi nimerudi Korogwe. Chakula hakimpandi. Mahindi yako yamekaukia shambani na hakuna mwenye moyo wa kuyavuna.

Ulikuwa mbishi wewe, jamani! Dawa zako nilizilinda mimi. Daktari alisema ya presha umeze asubuhi, ya tezi dume usiku, maana zikikutana zinaishusha presha mno, ukisimama ghafla unaanguka. Nikawa nakupigia simu kila siku, hadi ukaniita askari magereza. "Nimemeza, afande!" Tunacheka. Hofu yangu yote niliipeleka kwenye vidonge. Ule mpira wa mkojo waliokuwekea hospitali sikuuulizia kabisa. Binti ataanzaje kumuuliza baba yake mambo hayo? Ulijifungia chumbani ukauhangaikia peke yako, sisi tukakaa uani na adabu zetu.

Kumbe kila Ijumaa ulikuwa unauchomoa mfuko wa mkojo, unaukunja mpira, unaubana na kibanio cha nguo, ndipo unavaa kanzu na kwenda msikitini. Hukutaka kuingia na mkojo kwenye nyumba ya Mungu. Kibanio nilikikuta mfukoni nilipofua kanzu yako, tumeshakuzika, na mama akakumbuka kwamba kila Ijumaa mfuko ulikuwa unabaki chumbani. Nilipomsimulia muuguzi wa huku, alishika kichwa. Alisema mkojo ukizuiwa unarudi kwenye figo, na mpira ukifunguliwafunguliwa unaingiza wadudu. Ile homa iliyokuua, tuliyodhani malaria, baba, ndiyo hiyo.

Wiki chache baadaye wakaja watafiti wa mambo ya hiyo mipira, wanauliza ndugu za wagonjwa. Dada mmoja akaniuliza uliwekewa lini, ulikuwa unatumia dawa gani za presha. Ya swala hakuuliza. Nilipomwambia mwenyewe, aliacha kuandika.

Nikapanda basi hadi kwa sheikh wako. Akasema mwenye udhuru anatawadha na kuswali na mfuko wake hivyohivyo. "Angeniuliza tu," akasema. Angeniuliza tu! Nililia njia nzima. Umekufa kwa kitu ambacho hakuna aliyekudai, si Mungu, si mtu.

Ijumaa sheikh aliyatangaza hayo msikitini. Mama anasema Ijumaa iliyofuata kuna mzee aliyekuwa amejificha nyumbani muda mrefu, akaja na mfuko chini ya kanzu, akakaa safu ya mbele, palepale pako. Mama alidhani nitafurahi. Nilimchukia yule mzee, Mungu anisamehe. Kwa nini yeye?

Kupoa siwezi kukuahidi. Nakuahidi hili: kila mzee mwenye mpira nitakayekutana naye nitamuuliza anaswalije, hata aniambie sina adabu. Adabu nilikupa wewe yote, na ona ulipo.

Kwaheri, baba yangu. Marahaba siingoji tena.

Binti yako